Kiingereza cha Njiani Uluguru: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni kuongoza wageni kutoka mjini Morogoro hadi Morningside, na wenye pumzi hadi kilele cha Lupanga, mita 2,138. Vijana wanaoanza kazi hii huja na Kiingereza cha sekondari, kizuri tu kwenye mtihani. Njiani hukutana na misemo ambayo ukiitafsiri neno kwa neno unapotea. Haya ndiyo ninayowasisitizia.

1. "Would you mind carrying my bag?" Hapo mgeni anauliza kama utaona tabu kumbebea begi. Ukikubali, jibu ni "No, not at all," huku mkono umeshalishika. Kuna kijana alijibu "Yes" kwa moyo mweupe. Mgeni akalirudisha begi mgongoni kimya kimya.

2. "Sorry" haibebi pole yetu yote. Masika njia ya Lupanga huteleza vibaya, na mgeni akianguka sisi pole inatutoka kabla hajainuka. Kijana husema "Sorry!", mgeni hujibu "It's not your fault," na kijana hudhani amekaripiwa. Hajakaripiwa. Mgeni amesikia mtu akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, naye anamwondolea lawama. Mtu akianguka, uliza "Are you all right?" Kwenye msiba "I'm so sorry" ni mahali pake kabisa. Ila tukipishana na mama anayeteremka na tenga la mboga kichwani kwenda Soko la Chifu Kingalu, sihangaiki kutafuta Kiingereza chake. Namfundisha mgeni aseme "Pole na mzigo, mama," na mama huitikia "Asante, karibuni." Adabu nyingine ni heri mgeni aichukue kwetu ilivyo.

3. Saa ziandikwe. Mwingereza akisema "half seven" asubuhi, ana maana ya saa moja na nusu. Mjerumani anayefuata mazoea ya lugha yake anaweza kusema hayo hayo akimaanisha saa kumi na mbili na nusu. Mkiagana jioni, andika 7:30 kwenye karatasi, mwonyeshe.

4. "I'm afraid I can't go on." Huyu haogopi mlima. Anakwambia kwa adabu kwamba hawezi kuendelea, na kumtia moyo kwa "Don't be afraid!" ni kutomsikia. Kinyume chake ni "I'm fine," ya mtu anayehema huku magoti yanatetemeka. Hiyo wengi huitamka ili wasiwacheleweshe wenzao, kwa hiyo nawaambia vijana waache maneno, watazame uso na miguu. Usimuulize tena kama amechoka, maana atakana. Sema "Shall we have a rest?", ukae wewe kwanza, utoe maji. Akishindwa kuinuka baada ya hapo, msafara unageuza, hata kama kilele kinaonekana.