Samaki wa Deraya Wasio na Mataya

Atazamaye samaki sokoni huona kinywa chenye mataya mawili, la juu na la chini. Lakini zamani sana, kabla mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo hajatembea juu ya nchi kavu, majini walikuwamo samaki wasio na mataya kabisa. Tena vichwa vyao vilifunikwa na mfupa mgumu, mfano wa deraya ya askari wa kale.

Mmoja wao huitwa Sefalaspisi, jina la Kiyunani lenye maana ya ngao ya kichwa. Alipewa jina hilo mwaka 1835 na Louis Agassiz, mtaalamu wa Uswisi, aliyechunguza mabaki yaliyogeuka kuwa jiwe katika nchi ya Scotland. Samaki wa ukoo wake waliishi tangu miaka kama milioni 430 hata milioni 370 iliyopita. Ngao ya kichwa ilikuwa na umbo la kiatu cha farasi. Macho mawili yalikuwa juu, yamekaribiana, na mbele yake palikuwa na tundu moja tu la pua. Kinywa kilikuwa upande wa chini. Kwa hiyo yadhaniwa kwamba samaki huyu alikaa karibu na matope, akifyonza chakula kidogo kidogo. Kuuma hakuweza, wala kutafuna.

Je, mambo ya ndani ya kichwa hicho yalijulikanaje? Erik Stensiö wa Sweden alichukua mawe yaliyotoka Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Alilisaga jiwe kidogo kidogo, akachora kila tabaka lililotokea kabla ya kuliondoa. Kisha akaziunganisha picha hizo na kufanya mifano ya nta. Hivyo alionyesha mahali pa ubongo, na njia za mishipa ya fahamu na ya damu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1927. Lakini gharama ilikuwa kubwa, kwa maana jiwe lililokwisha kusagwa halirudi tena.

Siku hizi miali ya eksirei hupenya jiwe bila kulidhuru. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba samaki mwingine wa deraya, wa ukoo wa China, amechunguzwa kwa njia hiyo. Ilionekana kwamba vifuko vyake vya pua vilikwisha kutengana, kimoja kulia na kimoja kushoto, ingawa mataya hayakuwapo bado. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo iliyohitajiwa ili mataya yapate kuota. Lamprei, samaki mrefu kama mkunga ambaye hata leo hana mataya, pua yake ni moja tu, nayo iko katikati.

Basi mataya hayakuzuka ghafula. Kichwa kilitengenezwa kwanza, ndipo mataya yakapata mahali. Kila mtu atafunapo chakula chake hutumia kitu ambacho nafasi yake ilianza kuandaliwa katika vichwa vya samaki wasioweza kutafuna.