Cheza SOMA Huku Ukisoma

Juzi usiku niliimaliza gemu ya SOMA. Ilitoka Septemba 2015, kazi ya Frictional Games wa Sweden, walewale walioitengeneza Amnesia. Jina hilo ni neno la Kigiriki, maana yake mwili. Mswahili akilisikia anasikia amri, na nakushauri uitii: soma.

Mara ya kwanza niliikimbilia kama gemu nyingine za kutisha. Mlango, korido, zimwi, mbio, mlango tena. Baada ya saa mbili nikaiacha, nikaona ni vitisho vitupu. Nilipoirudia nilibadilisha mwendo. Nilisimama kwenye kila meza, nikafungua kila kompyuta iliyokubali kuwaka, nikasoma barua za wafanyakazi kuhusu zamu, chakula na ugomvi wao mdogomdogo. Ukikuta maiti, usipite. Nyingi zina kinasa sauti ndani, na ukiigusa unasikia dakika zake za mwisho. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Hadithi yenyewe inaanzia Toronto mwaka 2015. Simon Jarrett ameumia ubongo katika ajali ya gari iliyomuua rafiki yake. Anakaa kwenye kiti apigwe picha ya ubongo. Anapofumbua macho yuko PATHOS-II, kituo kilicho chini ya bahari ya Atlantiki, na mwaka ni 2104. Juu huko nyotamkia imeshaimaliza dunia. Kituoni kuna akili mnemba iitwayo WAU, iliyoamriwa kuwalinda binadamu wasife. Nayo inaendelea kutii, kwa ute mweusi na mabomba, bila kujua uhai ni nini.

Silaha hupewi. Unachuchumaa, unasikiliza, unajificha. Vaa hedifoni, kwa sababu sauti ndiyo macho yako: vyuma vinalia, maji yanasukuma kuta, hatua zinakaribia. Skrini ikianza kuvurugika, zimwi liko karibu. Inamisha uso, usilikodolee macho. Na kama moyo wako hauhimili kuwindwa, chagua Safe Mode, iliyoongezwa mwishoni mwa 2017. Mazimwi yanabaki lakini hayakuui. Nilisita kuichagua, nikidhani utamu wote utapotea. Haukupotea hata kidogo, maana kinachotisha humu si mazimwi.

Mapema tu utamkuta roboti aliyelala chini, mbovu, anayezungumza kama mtu aliyeumia. Ana jina, ana kumbukumbu, anasubiri msaada. Ukimwambia yeye ni mashine hakuelewi. Kaa naye, maliza mazungumzo. Mimi nilimwonea huruma, na kumbe nilikuwa naonyeshwa jambo linalomhusu Simon mwenyewe.

Jambo la mwisho kabla sijaharibu utamu: usiimeze yote kwa usiku mmoja. Mimi nilikuwa nikimaliza sehemu moja ya kituo, nazima. Mchana wake, nikiwa kwenye foleni au nikiosha vyombo, maswali yake yalinifuata.

Kama hujaicheza, ishia hapa, urudi ukimaliza.

Simon tunayemcheza si yule wa Toronto. Yule alishakufa zamani. Huyu ni nakala ya akili yake iliyotiwa ndani ya mwili mwingine. Pale Omicron, sehemu mojawapo ya PATHOS-II, anahitaji vazi linalohimili shinikizo la kina kirefu, kwa hiyo Catherine, mwenzake wa safari ambaye naye ni nakala, anamhamishia humo. Anafumbua macho ndani ya vazi jipya. Kisha anasikia sauti yake mwenyewe nyuma, kwenye kiti kilekile, ikiuliza kwa nini haijafanya kazi. Hakuhama. Wamekuwa wawili. Unaachiwa uamuzi: umalize betri ya yule aliyelala kwenye kiti, afe usingizini, au umwache aje kuamka peke yake ndani ya kituo kilichokufa.

Niliweka pedi chini. Nilizunguka chumba, nikarudi, nikamtazama tena. Nikamwacha, kwa sababu sikuweza kumuua mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa mimi.

Mwishoni chombo kiitwacho ARK kinarushwa angani, kikiwa na nakala za watu na ulimwengu wao wa kidijitali. Simon naye amenakiliwa, anasubiri kujikuta humo. Anabaki palepale gizani, anamgombeza Catherine, mpaka sauti ya Catherine inakatika. Majina ya watengenezaji yakianza kupita, usizime. Yaache yaishe. Baada yake kuna mwanga, miti, na Simon mwingine aliyefika, asiyejua kitu kuhusu aliyebaki.

Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikamkumbuka yule wa tatu, pale Omicron, kwenye kiti, betri yake ikiwa bado na chaji kwa uamuzi wangu. Sasa hivi atakuwa anaamka, anamwita Catherine.