Kuchagua Kompyuta Mpakato kwa Kazi Nzito

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo ya Wizara ya Fedha kugharimu fedha nyingi pasipo kuleta manufaa yaliyotarajiwa. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa, lakini fundisho lake lingalipo: mashine hununuliwa kwa kupima kazi, si kwa kutazama jina.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu wa jiografia huko Kasokola, mkoani Katavi, atakaye kuwafundisha wanafunzi kuchora ramani za mashamba na misitu ya miombo kwa kutumia picha za setilaiti. Picha za Sentinel-2 na programu ya QGIS hupatikana bila malipo. Gharama kubwa imo katika mashine, na fedha za shule zikipotea katika uchaguzi mbaya si rahisi kupatikana tena.

Kumbukumbu

Picha moja kamili ya Sentinel-2 ina pikseli 10,980 kwa 10,980. Mikanda minne yenye pikseli za mita 10, kila pikseli ikichukua baiti 2, hutoa hesabu hii:

10,980 × 10,980 × 4 × 2 = baiti 964,483,200

Hiyo ni karibu gigabaiti 1. Ikiwa programu itahifadhi nakala tatu wakati wa kukokotoa, na mfumo endeshi kutumia gigabaiti 4, jumla hufikia 7. Mashine ya gigabaiti 8 itabanwa. Ya 16 itafanya kazi kwa nafasi. Kumbukumbu ikijaa, data huhamishiwa kwenye diski, na kazi huzorota. Yafaa pia kuuliza kama kumbukumbu yaweza kuongezwa, kwani katika mashine nyingine imelehemiwa.

Diski

Diski izungukayo husoma takriban baiti milioni 100 kwa sekunde. Ile ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka, husoma milioni 500 au zaidi. Picha iliyotajwa hufunguka kwa sekunde 10 katika ya kwanza, na 2 katika ya pili. Aidha, SSD hustahimili zaidi mitikisiko ya safari.

Prosesa na kadi ya michoro

Jina kubwa laweza kupotosha. Core i7-7500U ina viini 2, ilhali Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina 4. Kadi ya michoro ya pekee ni ya lazima kwa baadhi ya kazi za video na michoro ya pande tatu. Kwa ramani za kawaida, fedha hizo zafaa zaidi kutumika kwenye kumbukumbu.

Umeme

Betri ya wati-saa 50 ikihudumia mashine itumiayo wati 25 hudumu saa 2. Kazi ikizidi hadi wati 50, hudumu saa 1 tu. Mashine iliyokwisha kutumika huwa nafuu, lakini kabla ya kulipa ipewe kazi nzito kwa nusu saa, joto lake lichunguzwe, na uwezo uliobaki wa betri upimwe.

Maswali

1. Betri ya wati-saa 50 imebakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake. Itadumu muda gani kwa wati 25?
2. Kokotoa baiti za picha mbili za Sentinel-2 zenye mikanda mitatu ya mita 10.
3. Eleza kwa nini kuongeza kumbukumbu kwaweza kufaa kuliko kununua prosesa yenye kasi zaidi.