Mbavu za Gita: Kufika Milimita 2 Salama

Ubavu wa gita ukipasuka wakati wa kukunjwa kwenye bomba la moto, mara nyingi kosa halikufanyika pale. Lilifanyika jana yake, ubao ulipokuwa unapigwa randa. Basi tuanzie kwenye randa.

1. Ujue unene unaoutafuta. Gita la nyuzi za nailoni linataka mbavu za milimita 1.8 hadi 2.2, la nyuzi za chuma, 2 hadi 2.3. Mpingo ni mzito na mgumu, kwa hiyo mimi huufikisha 2. Mninga ni mwepesi zaidi. Huuacha kwenye 2.2.

2. Tazama ncha ya ubao. Mistari ya pete za mti isimame wima, kutoka uso mmoja hadi wa pili. Ubao wenye fundo utengenezee kitu kingine.

3. Fagia benchi, kila mara. Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza kuliko vyote. Kipande kimoja cha maranda kikibaki chini ya ubao mwembamba, kinauinua, na randa inakula zaidi papo hapo. Kwa macho huoni kitu. Ukija kwenye moto, ubao unakunjika kwanza pale palipo pembamba, unapiga kona badala ya kuzunguka taratibu, kisha unapasuka. Kazi ya siku nzima imekwenda kwa sababu ya uchafu ambao ufagio ungeuondoa mara moja.

4. Bana ncha iliyo karibu nawe, usukume randa kwenda mbali. Ukibana ncha ya mbele, ubao unajikunja mbele ya randa na kuvunjika. Nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, kwa hiyo pitisha randa mshazari, kisu kikiwa kikali na kimechomoza kidogo sana.

5. Ukikaribia, pima kila baada ya mikupuo michache. Ukitoka milimita 2.5 hadi 2, ubao umepoteza karibu nusu ya ukakamavu wake, ingawa ulichotoa ni nusu milimita tu! Weka alama za penseli kila sentimita 5 kwenye kingo zote mbili, uandike kipimo cha kalipa pembeni. Katikati, ambako kalipa haifiki, lalisha rula iliyonyooka na utazame mwanga chini yake.

6. Simama mapema. Bakiza milimita 0.2, kwa sababu ukishakunja utapiga msasa kuondoa alama za kuungua, na msasa nao unakula.

7. Mbavu mbili za gita moja zitoke kwenye ubao mmoja na zifikie unene mmoja, la sivyo zitakunjika tofauti.

8. Vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na pua. Tafadhali vaa barakoa kabla hujagusa msasa.