SOMO: UMEACHISHWA KAZI UKIWA NA MIMBA? HESABU TAREHE



Somo la leo linahusu jambo ambalo akina mama hulisema kwa sauti ndogo kwenye bomba la maji: "Nilikuwa na kazi. Nikapata mimba. Sasa sina kazi."

Ni vigumu kumpata mwajiri atakayekuambia waziwazi, "Ninakufukuza kwa sababu una mimba." Atasema kazi imepungua. Atasema umekuwa mzito. Au atasema kwa upole, "Nenda ukapumzike mama, nitakuita," kisha asikuite kamwe. Kwa hiyo usisikilize maneno tu. Hesabu na tarehe.

Nianze na habari ya nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa alikuwa akifua na kupika katika nyumba moja ya wageni mjini. Kwa miaka miwili hakupewa onyo hata moja. Mimba ilipoanza kuonekana, akaanza kuambiwa kwamba anachelewa. Baada ya majuma matatu aliambiwa asirudi tena. Sisi tukamwambia, "Tu wakimbizi, utamshitaki nani?" Mimi ndiye niliyesoma sekondari katika nyumba yetu, na mimi pia nilinyamaza. Nilipokuja kujua kwamba sheria ipo, mtoto alikuwa ameanza kutambaa na muda wa kulalamika ulikuwa umepita. Sitaki jambo hilo likupate wewe.

1. SHERIA INASEMA NINI

Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Katiba ya mwaka 1995 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi mwanamke wakati wa mimba na baada ya kujifungua. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mambo haya:

(a) Mimba, au jambo lolote linalotokana na mimba, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

(b) Mama anapata likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa juma, hayo ni majuma 10. Angalau majuma 4 kati ya hayo yawe baada ya kujifungua. Aliyepoteza mimba naye ana haki hiyo.

(c) Likizo ikiisha, ana haki ya kurudi kwenye kazi yake ile ile, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo mabaya kuliko ya kwanza. Yampasa kumwarifu mwajiri angalau siku 7 kabla ya kurudi. Mwajiri akitaka taarifa hiyo iwe ya maandishi, mwandikie. Akitaka cheti cha daktari au mkunga, mpelekee.

(d) Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza. Mfanyakazi anaweza kwenda na mtu anayemtaka akae naye.

(e) Wewe unatakiwa kuonyesha kwamba uliachishwa. Kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali ni mzigo wa mwajiri.

Wengine husema, "Mimi sikuandikiana naye chochote." Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Mpishi, mfanyakazi wa nyumbani na muuza duka, wote ni wafanyakazi. Na kibarua asifanyishwe kazi mfululizo zaidi ya miezi 4 bila kupewa mkataba wa maandishi.

2. DALILI ZA KUTAZAMA

- Uliachishwa muda mfupi baada ya kusema una mimba, au baada ya mimba kuonekana.
- Zamani hukuwa na onyo; baada ya mimba maonyo yakaja mfululizo.
- Wengine hufanya kosa lile lile nao hawafukuzwi.
- Umeambiwa kazi imepungua, kisha mtu mwingine akawekwa mahali pako.
- Sababu inabadilika: leo kuchelewa, kesho kukosa fedha, keshokutwa afya yako.
- Unasukumwa kutia sahihi barua kwamba umeacha kazi kwa hiari yako.

Dalili moja peke yake huenda isitoshe. Zikiwa mbili au tatu, usinyamaze.

3. MIFANO MITATU

Soma kila mfano, ufunike jibu kwa mkono, na ujaribu kujibu mwenyewe.

Mfano wa kwanza. Mama anauza duka tangu mwaka jana. Mwezi wa 3 anamwambia bosi kwamba ana mimba. Mwezi wa 4 anaachishwa, anaambiwa biashara imekuwa ndogo. Mwezi wa 5 msichana mwingine yuko nyuma ya meza ile ile.
Jibu: Dalili ni kubwa. Kama biashara ni ndogo, yule msichana anamuuzia nani?

Mfano wa pili. Mashine ya kusaga inakufa na mwenye kinu anafunga. Wafanyakazi wote 6, wanaume kwa wanawake, wanaachishwa. Mmoja wao ana mimba.
Jibu: Hapa mimba haionekani kuwa sababu, maana wote wameondoka siku moja. Lakini mshahara wa siku alizofanya kazi bado ni haki yake. Tusimlaumu mwajiri pasipo sababu, tukaja kukosa kusikilizwa siku ya haki.

Mfano wa tatu. Mpishi anarudi kutoka likizo ya uzazi. Anaambiwa jikoni pamejaa, afagie uwanja kwa nusu ya mshahara.
Jibu: Si halali. Hiyo si kazi yake, wala haina masharti yanayolingana na yale ya kwanza.

4. UFANYE NINI

Kwanza, andika. Chukua daftari ya mtoto kama huna nyingine. Andika siku uliyoanza kazi, mshahara wako, siku uliyosema una mimba, nani alisikia, siku uliyoachishwa, na maneno uliyoambiwa. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule au jirani akuandikie siku hiyo hiyo.

Pili, tunza ushahidi: kadi ya kliniki yenye tarehe, ujumbe wa simu, karatasi za malipo, barua. Usifute ujumbe wa bosi hata kama unakuchoma moyo.

Tatu, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Sema, "Naomba nisomewe kwanza."

Nne, mwombe mwajiri sababu kwa maandishi. Akikataa, andika tarehe aliyokataa.

Tano, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya. Wa Nakivale wanakwenda wilaya ya Isingiro, wa Rwamwanja ni Kamwenge, wa Kyaka II ni Kyegegwa, na wa Kyangwali ni Kikuube. Huhitaji wakili ili kulalamika. Kama safari au lugha inakushinda, anzia ofisi ya ulinzi kambini uombe mtu wa kukusaidia na kukutafsiria.

KUMBUKA: Haki ya kulalamika kwamba uliachishwa isivyo halali ni ya mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa majuma 13 au zaidi. Malalamiko yapelekwe kabla ya MIEZI 3 kwisha tangu siku ya kuachishwa. Anayechelewa lazima aeleze sababu ya haki, na anaweza kukataliwa. Usingoje ujifungue kwanza. Mume, mama mkwe au dada anaweza kukusindikiza.

5. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

(a) Mama anaambiwa, "Utarudi ukiisha kuzaa," lakini hapewi mshahara wala tarehe ya kurudi. Je, hiyo ni likizo au ni kufukuzwa?
(b) Kwa nini ni vizuri kumweleza mwajiri habari ya mimba mbele ya shahidi au kwa ujumbe wa simu?
(c) Ninyi akina baba: mkeo akiachishwa kazi kwa sababu ya mimba, utamwambia nini siku ya kwanza?

Swali la mwisho ndilo lililotushinda sisi nyumbani. Tulimwambia dada anyamaze, kumbe tungemwambia, "Lete daftari, tuandike tarehe."

Ukiisha kusoma karatasi hii usifungie maandazi. Mpelekee jirani, na asiyejua kusoma umsomee.