Plato Hana Kura Chwele

*Nina miaka 22, nasoma falsafa chuoni. Kwenye matanga huko Chwele tulibishana namna wenye hekima wa kale wangepiga kura leo. Nilisema Plato asingepanga foleni. Khocha, yaani mjomba wangu, akasema Elijah Masinde, aliyewapinga wakoloni, angemchagua "mtu wetu". Nikamcheka mbele ya watu. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Nani alikuwa sahihi? Na kuna haja gani ya kujiandikisha?*
*N.W., Kitale*

Mwanangu N.W., afadhali kijana anayegombania wenye hekima kuliko anayegombania mia mbili za mwanasiasa. Hata hivyo, umeniuliza maswali mawili, na naona la tatu, jeraha ambalo hukuliuliza.

Marehemu hakatai neno

Plato alifananisha nchi na merikebu ambayo mabaharia wake wanagombania usukani wasioujua. Hapo ukapata sababu ya kubaki nyumbani. Lakini Socrates, mwalimu wake, hakubaki nyumbani. Mwaka 406 KK alikuwa kwenye baraza la Athens, umati ukidai majemadari wahukumiwe kwa mkupuo, kinyume cha sheria. Alikataa. Mwaka 399 KK raia wenzake walipiga kura, wakamhukumu kifo.

Na Masinde? Wakoloni walimfunga, na baada ya uhuru serikali yetu wenyewe ikamfunga. Aliyekataa kuziinamia serikali mbili, nani atamsemea kura? Hakuna aliyekuwa sahihi kati yenu. Kila mmoja alimvisha marehemu kofia ya chama chake.

Azima swali, usiazime jibu

Mwaka 1861 John Stuart Mill aliandika kwamba kura ipigwe hadharani, ili mpiga kura awajibike mbele ya jirani zake. Sisi tuliyaonja hayo mwaka 1988, kwenye mlolongo wa mchujo wa KANU. Watu walipanga mstari mchana kweupe, na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuushinda mrefu. Jibu la Mill lilitutoa machozi. Swali lake bado ni zuri: je, unaweza kumweleza jirani yako sababu ya kura yako bila kuona haya?

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alizunguka vijijini akihoji wazee wenye hekima, wakiwemo Wabukusu. Alitofautisha mzee anayerudia ya wahenga na yule anayeyapima kwa akili yake. Wewe umerudia ya Plato, khocha amerudia ya Masinde. Mizani hakuna aliyeishika.

Njia zako tatu

Ukisusia, kumbuka karatasi ni sita, si ya rais peke yake. MCA na gavana watachaguliwa hata bila wewe, na zahanati ikikosa dawa hutaulizwa kama ulisoma Plato.

Ukimfuata khocha kwa kumwogopa, utanunua amani ya wiki moja kwa miaka mitano.

Ya tatu ndiyo ninayokutaka uifuate: jiandikishe, kisha wapime wagombea kwa maswali ya wale uliowasoma. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Agosti 2027 utaingia kwenye kituo cha kura peke yako.

Khocha kwanza

Sasa nakwambia bila kuzunguka: ulikosea. Khocha ndiye aliyekuvika luliki, ule ukanda wa nyama, shingoni ulipokwenda kutahiriwa. Mtu huyo hachekwi mbele ya waombolezaji. Mkiliacha hili hadi kampeni zianze, wanasiasa watalichochea, nao watakwenda zao mkibaki na ufa.

Usipige simu tena. Panda matatu, beba sukari na majani ya chai, ufike Chwele kabla ya jua kuzama. Omba radhi kwanza, bila "lakini". Ukishapewa kiti, mwulize mwaka 1988 alisimama kwenye mstari wa nani, na jioni ile alirudi nyumbani na moyo gani.

Kisha nyamaza, umsikilize hadi mwisho.