Majina Tusiyoyataja

Tusomapo Mathayo 1 twayapita yale majina upesi, maana yatuchosha. Lakini angalieni: katikati ya wafalme wamo Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo hakuwaficha. Nasi tuandikapo ukoo wetu, twataja baba na babu, mama zao twawaacha. Na bibi aliyeletwa na msafara akauzwa, huyo hatajwi kabisa. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Basi wajukuu wa waliouzwa wangali hai.

Waulizeni wazee polepole, wakati wa jioni. Asiyejua mwaka aliozaliwa, aulizwe alikuwa mkubwa kiasi gani bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Desemba 1961. Kisha kitazameni kitabu cha ubatizo cha usharika. Mara nyingi humo mna majina ya wazazi na wasimamizi. Penye nafasi tupu msibuni jina.

Sisi tulimwuliza bibi mmoja kikongwe jina la mama aliyemzaa mamaye. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniuliza neno hili." Ndipo akalitaja, nasi tukaliandika.